UZI: Misaada ya serikali na familia za hali ya chini Lamu, inakwama wapi na tuanze kurekebisha nini?

#1 Mwana wa Langoni
Asalaam alaykum wanajamvi.

Kuna jambo linaniuma na nataka tulijadili kwa kina. Jirani yangu ni ajuza aliyepita miaka sabini, yumo kwenye Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa pesa za kujikimu wazee na wenye shida. Maisha yake yote amesuka ukili na kushona mikeka. Pesa zikiingia anakwenda kwa wakala wa benki, anaweka kidole gumba kwenye kile kimashine, kimashine kinakataa. Anapangusa kidole kwenye leso, anaweka tena, kinakataa. Cha shahada, cha kati, mkono wa kushoto, vyote vinakataa. Nilimshika mkono nikautazama: ncha za vidole zimelainika kabisa, mistari haionekani. Kijana wa pale akamwambia, "Bibi, mashine haikutambui, rudi wiki ijayo." Hiyo wiki ijayo vidole vitakuwa vimebadilika nini?

Dai langu ni hili: pesa zipo, jina lake limo, haki ni yake. Kinachomnyima ni utaratibu uliopangwa na mtu asiyemfikiria mama kama huyu. Na naona ndivyo ilivyo kwa misaada karibu yote huku kwetu, iwe ya wazee, ya watoto, basari au matibabu. Kwenu hali ikoje? Na mkipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu, mtaanza na kipi?

#2 Nahodha Faza
Waalaykum salaam. Jirani yako anamfikia wakala kwa miguu, huyo ana nafuu. Huku Lamu Mashariki mambo ni mengine. Boti ya abiria inaondoka alfajiri kufuata maji, maana mkondo wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakikauka. Mzee anatoka Faza, Kizingitini au Tchundwa, ashukie Amu, yaani mji wa Lamu, apange foleni, awahi boti ya kurudi. Akiambiwa mfumo umelala, boti haimngoji. Itabidi alale mjini kwa jamaa, kama anaye. Na mtu wa miaka themanini hasafiri peke yake, lazima mjukuu amshike mkono, kwa hiyo nauli ni ya wawili. Kusi likivuma wengine hawathubutu hata kukanyaga gatini.

Mimi ndiye ninayewabeba, nawaona. Mtu anapanda boti ya kurudi na elfu nne mkononi, akitoa nauli, chakula cha mjini na deni la dukani, anafika nyumbani na kilo chache za unga.

Kitu changu kimoja: mlipaji aje kisiwani. Siku moja kila miezi miwili, kwenye baraza la chifu, tarehe itangazwe msikitini baada ya Ijumaa.

#3 Karani Mstaafu
Tuweke rekodi sawa kabla uzi haujapotea njia. Inua Jamii ni mifuko mitatu: wa yatima na watoto walio katika mazingira magumu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, wa wazee, uliofuata miaka michache baadaye, na wa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza 2011. Yote hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi zimekuwa zikitolewa 4,000 kila miezi miwili.

Sasa mwanzisha uzi, mimi nimekaa upande wa pili wa dirisha kwa miaka, na sikubaliani nawe. Hiyo 2,000 ni ileile kwa zaidi ya miaka kumi. Unga umepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, nauli aliyoitaja nahodha #2 imepanda, yeye bado anapewa 2,000. Kisha Hazina ikichelewa, malipo ya miezi minne au zaidi yanakuja kwa mkupuo. Mzee ameshakula kwa mkopo, mwenye duka anamngoja mlangoni. Hata ukimletea pesa hiyo hadi kitandani, haitoshi na haina siku maalumu. Anzeni na kiwango na ratiba. Kimashine kije baadaye.

#4 Binti wa Hindi
Ahsanteni kwa uzi. Kaka Karani, mbona kuna kaunti wanalipwa 2,700 kwa mwezi na sisi 2,000? Kwani njaa ya Lamu ni ndogo? Huku Hindi na Bargoni mvua zikikosa mahindi yote yanakauka, na mwaka yakikubali nyati wanayamaliza.

#5 Karani Mstaafu
@Binti wa Hindi, unayoisema ni programu nyingine, ile ya usalama wa chakula kwa maeneo ya ukame, maarufu kama HSNP. Ilianza na kaunti nne za kaskazini: Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Ni mfuko wa nne, na una utaratibu wake. Swali lako la njaa ya Lamu linabaki palepale, silipingi.

#6 Fundi wa Mkomani
Nimesoma yote. Mna haki nyote, lakini hakuna aliyegusa jambo linalowatoa watu wa mji wa kale kabla hata hawajafika kwenye kimashine. Nalo ni fomu.

Mimi ni fundi wa chokaa na boriti. Naingia nyumba za watu hadi ndani kabisa, kule mgeni hafiki. Wakija wa kuandikisha familia zenye uhitaji wanauliza: ukuta ni wa nini? Paa je? Sakafu? Choo cha aina gani? Vyumba vingapi? Majibu yanaingizwa kwenye simu, na hesabu inafanywa kukadiria kama wewe ni maskini. Sehemu nyingi za nchi hesabu hiyo huenda inafanya kazi, kwa sababu mwenye nyumba ya mawe kwa kawaida ana uwezo na mwenye ya udongo hana.

Sasa ilete Mkomani, mtaa wetu wa mji wa kale wa Lamu. Mjane anaishi nyumba ya mawe ya matumbawe, ukuta unene wa dhiraa nzima, daka mbele, choo cha ndani tangu enzi za mababu. Fomu inamhesabu tajiri. Ingia basi. Mwezi uliopita niliitwa kutazama nyumba moja hivyo. Sebuleni boriti tatu zimeoza, zimeegemezwa kwa mlingoti wa mashua ulioshindiliwa katikati ya chumba, watoto wanauzunguka wakipita. Dari la juu limeanguka, wamefunga turubali. Mvua ikinyesha wanasogeza vitanda upande mmoja wote watano. Ile sufuria iliyokuwa jikoni ilikuwa na chai kavu ya mchana, na ndiyo ilikuwa chakula cha mchana. Huyu mama hana uwezo wa kununua hata mfuko wa chokaa, na kwa kuwa mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hawezi kutengeneza kwa mabati na mbao atakavyo. Kwenye fomu, ukuta wake umemshuhudia kuwa ana mali.

Huku upande wa pili, kuna majumba ya makuti ya kitalii Shela ambayo kwa fomu hiyohiyo paa lake ni la maskini.

Kwa hiyo kitu changu kimoja: maswali yatungwe upya kwa kila eneo. Waulize mtu anakula mara ngapi, nani analeta pesa nyumbani, na kama amekopa chakula mwezi huu. Ukuta waachane nao.

#7 Kijana wa Mtaani
Fundi hiyo #6 imenigusa. Ila swali la haki: nyumba za Mkomani wazungu wananunua kwa pesa nyingi. Si auze, ajenge ndogo Kashmiri, na abaki na akiba?

#8 Fundi wa Mkomani
Kijana wangu, auze kwa hati gani? Nyumba ni ya mirathi, warithi wako Amu, Mombasa, Maskati, wengine walishafariki na watoto wao hawajulikani walipo. Nyingine ni wakfu, haiuziki kabisa. Yeye ana haki ya kuishi tu. Na mkumbuke kila anayeuza anahama kwenye kisima chake, msikiti wake na majirani wanaomletea sahani jioni. Hao majirani ndio msaada wake wa kweli kwa sasa.

#9 Shangazi wa Kizingitini
Fundi kasema kweli, mwenye mato haambiwi tazama. Nami niongeze ya huku kwetu, nayo ni kitambulisho.

Mama yangu mdogo kitambulisho kinasema ana miaka 64. Mtoto wake wa kwanza ana 57! Zamani hapakuwa na cheti cha kuzaliwa, mtu alizaliwa nyumbani, mkunga akamkata kitovu, basi. Siku ya kuandikishwa karani alimtazama uso akaandika mwaka. Sasa anaambiwa bado hajafika sabini. Kurekebisha aende apimwe umri hospitalini, ale kiapo, apeleke karatasi ofisini, angoje. Kila hatua ni boti. Nahodha Faza anamjua, kambeba sana.

Mimi kitu changu kimoja: wakati wa kuandikisha, wazee wa mji watatu au wanne wakae pale waseme "huyu alikuwa mwari mwaka fulani, huyu aliolewa kabla ya Uhuru". Tunajuana. Hakuna anayeweza kudanganya umri Kizingitini.

#10 Malindi Muyeye
Salamu kutoka Malindi. Mnaposema boti na bahari nawasikitikia, lakini msidhani umbali ndio mwisho wa tatizo. Sisi hapa Muyeye benki zipo, mawakala wapo kila kona, tuktuk hamsini bob umefika. Na bado familia zilizo hoi hazimo.

Kwa nini? Kwa sababu hawakujua. Usajili unafunguliwa siku chache, tangazo linabandikwa ofisi ya chifu, na anayeosha nguo za watu kutoka asubuhi hadi magharibi hapiti ofisi ya chifu. Mimi nalea watoto wa dada yangu marehemu. Nilisikia habari ya mfuko wa yatima kutoka kwa mwanamke tuliyekutana kwenye foleni ya maji, wakati huo orodha ishafungwa. Aliyeingia ni yule ambaye mume wake hukaa na mzee wa mtaa kwenye kibao cha kahawa.

Samahani kwa wazee wa mitaa walio humu.

#11 Mzee wa Kijiji (Mokowe)
Nipo humu na nimesoma, dada yangu. Sikasiriki, ila nawe unisikilize.

Tumefanya kazi hii miaka na miaka bila mshahara. Nazunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu. Tunaitwa tunaambiwa, leteni majina, lakini nafasi za kata nzima ni hizi. Nafasi ni chache, wenye shida ni mji mzima. Nikiandika kumi, thelathini wananichukia. Na kumi niliowaandika, watano wanaondolewa huko juu na tarakilishi, na anayeulizwa ni mimi. Si chifu, si waziri, ni mimi, kwa sababu mimi ndiye wanayekutana naye kisimani.

Wapo wenzangu wanaoandika jamaa zao, sikatai, na wanastahili kuondolewa. Lakini mkitutoa sisi sote, nani atajua kwamba yule aliye nyuma ya kiwanda cha barafu hajala tangu jana? Tatizo ni idadi ya nafasi. Serikali ikisema kila aliyefika sabini, basi iwe kila aliyefika sabini, hapo hakuna wa kupendelewa.

#12 Binti wa Hindi
Mzee wangu shikamoo. Kwani si walisema 2018 kila mwenye sabini anaingia bila kuulizwa maskini au tajiri?

#13 Karani Mstaafu
Walisema, na walianza. Awali ilikuwa wazee wa 65 kwenda juu walio maskini, kisha 2018 ikawa wote wa 70 na zaidi wasio na pensheni. Lakini usajili haufunguliwi kila siku. Anayefikisha sabini baada ya orodha kufungwa anangoja ifunguliwe tena, na haijulikani lini. Kwa hiyo Mzee wa Kijiji #11 yuko sawa katika hili: haki iliyo na mlango wa msimu inageuka kuwa bahati.

Na msisahau Katiba ya 2010, kifungu cha 43. Kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na serikali itawasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Hakuna mahali kimesema "nafasi zikiwepo".

#14 Ustadh wa Pwani
Ndugu zangu, mmetaja ofisi, fomu, boti, tarakilishi. Kuna sababu iliyo ndani yetu wenyewe: haya. Watu wetu wanasitiri. Mama anaweka sufuria ya maji motoni ili jirani aone moshi. Ukimwuliza mbele za watu kama ana shida atakwambia alhamdulillah tuko vizuri. Sasa unamwita barazani, mbele ya kijiji kizima, isomwe orodha ya maskini kwa sauti! Nawajua waliokataa kuandikwa kwa sababu hiyo tu, na wana watoto wanalala njaa.

Kamati yetu ya zaka haisomi majina. Wanawake wawili wanaoaminika wanazunguka usiku wa Ramadhani, wanabisha, wanaingia, wanaona wenyewe, bahasha inabaki chini ya mkeka. Serikali ingeweza kujifunza hapo.

#15 Kijana wa Mtaani
Ustadh kwa heshima, bahasha chini ya mkeka bila orodha ya wazi ndiyo njia ya wizi. Soma #10. Ufichwe au utangazwe, mtu ataumia. Mimi naona orodha ibandikwe ili tuone nani kaingia na tupinge.

#16 Ustadh wa Pwani
Orodha wapewe kamati na chifu wapinge humo. Si kubandikwa mlangoni mwa duka watoto wa shule wakaisoma na kumcheka mwenzao. Hatutaelewana hapa, tuendelee.

#17 Mwanafunzi Mpeketoni
Mimi nizungumzie basari. Tuko wanne nyumbani, wawili sekondari, mimi chuo. Kila mwaka mama anajaza fomu ya basari ya eneo bunge (NG-CDF), fomu ya kaunti, na fomu ya kila mfadhili anayetangaza. Kila fomu inataka nakala za vitambulisho, barua ya chifu, muhuri wa shule, cheti cha kifo cha baba. Cheti cha kifo cha baba kimetolewa nakala hadi mwenye duka la fotokopi anatujua. Kifo cha baba hakibadiliki mwaka hadi mwaka, kwa nini kithibitishwe upya kila Januari?

Na mama yangu yumo kwenye mfuko wa yatima. Serikali inajua tayari kwamba sisi ni yatima. Ofisi moja inajua, ofisi ya pili iliyo jengo hilohilo inatuuliza tena. Kitu changu kimoja: ukiandikwa mara moja kuwa familia yenye uhitaji, hiyo itoshe kwa basari, matibabu na mengine yote.

#18 Muuguzi Kisiwani
@Mwanafunzi Mpeketoni hapo umepiga penyewe. Naliona zahanati kila siku. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara anajibu maswali ya mali na mapato, kisha anaambiwa alipe kiasi gani. Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato cha familia, na cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Mshahara hukatwa kila mwezi, lakini mvuvi na mkulima wanatakiwa walipe ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani si chini ya 3,600.

Mvuvi wa Kiwayu ukimwuliza mapato wakati wa kaskazi, bahari tulivu, kamba wapo, atataja pesa nzuri. Mwulize wakati wa kusi, mashua imepandishwa ufukweni, atakwambia hana kitu. Ni mtu mmoja. Tarehe ya swali ndiyo inayoamua kama yeye ni maskini. Kisha atafute 3,600 kwa mkupuo mwezi ambao hajaingia baharini!

#19 Nahodha Faza
Wallahi muuguzi umesema. Kaka yangu aliulizwa Januari.

#20 Malindi Muyeye
Na huku hoteli zikifunga baada ya Pasaka ni vilevile. Mhudumu wa hoteli Desemba na mhudumu wa hoteli Mei ni watu wawili tofauti kwa kipato. Lakini muuguzi, mimi nimesikia zahanati ni bure hata bila kulipa?

#21 Muuguzi Kisiwani
Kweli, na naomba wote mlishike hili: zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, vinagharimiwa na mfuko wa afya ya msingi. Hulipii michango kwanza. Ila lazima uwe umejisajili SHA. Kujisajili ni bure, *147# kwa simu yoyote. Michango inatakiwa ukipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kulazwa, kujifungua kwa upasuaji na kadhalika. Wengi hawajisajili kwa kudhani kujisajili ni kulipa, wanabaki nyumbani na homa.

#22 Mkazi wa Witu
Samahani nitoke kidogo nje ya mada. Mbona hakuna aliyetaja fidia ya bandari mpya ya Lamu? Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya kuvua. Hiyo si msaada mkubwa kuliko hii elfu mbili?

#23 Nahodha Faza
Ndugu, hiyo isiitwe msaada. Mtu amechukuliwa bahari yake. Msaada ni hiari, fidia ni deni. Tukianza kuzichanganya, kesho wataambiwa wavuvi "mlishapewa" na kutolewa kwenye Inua Jamii.

#24 Mkazi wa Witu
Nimekuelewa. Ahsante.

#25 Shangazi wa Kizingitini
Turudi. Kuna wanaosema dawa ya yote haya ni pesa kuingia moja kwa moja kwenye M-Pesa. Mimi naogopa. Mama yangu mdogo hana simu, laini iko kwa mjukuu. Namba ya siri anaijua mjukuu. Ujumbe ukiingia anausoma mjukuu. Mwenye pesa atapewa atakachoambiwa.

#26 Kijana wa Mtaani
Sasa shangazi mnasema benki mbali, mnasema simu wezi. Mnataka malaika alete? Simu inafika Kizingitini usiku huohuo, bila nauli, bila Mkanda, bila kidole. Mjukuu mwizi ni tatizo la nyumba, watu wa nyumba walishughulikie.

#27 Shangazi wa Kizingitini
Wewe mtoto ukija huku nitakupikia uone adabu. Mzee akiibiwa na wa nyumbani kwake hasemi. Soma Ustadh #14, haya! Kisha wakala wetu mwenyewe siku ya malipo hana pesa mkononi. Wazee ishirini wanatoa siku moja, wa nne anaambiwa pesa zimekwisha, ngojeni boti ya kesho. Atakayepewa kwanza ni anayekubali kukatwa kidogo.

#28 Mzee wa Kijiji (Mokowe)
Mimi nadhani kila mtu achaguliwe njia yake mwenyewe. Mwenye simu na akili timamu, apewe kwa simu. Asiyekuwa nayo, alipwe mkononi mbele ya mashahidi kama alivyosema Nahodha.

#29 Karani Mstaafu
Njia mbili ni gharama mbili, na Hazina itachagua iliyo rahisi kwake. Nimeliona hilo likitokea. Ndiyo maana nasisitiza kiwango na ratiba.

#30 Fundi wa Mkomani
Karani, kiwango kikiwa elfu kumi na yule mjane wangu hayumo kwenye orodha, amepata nini?

#31 Msafiri wa Basuba
Nimechelewa. Mmezungumza visiwa na miji tu. Nina jamaa wa Kiaweer, Mangai na Basuba, ndani ya msitu wa Boni. Kule usalama ukivurugika barabara inafungwa, walimu wanaondoka, zahanati inafungwa. Afisa wa kuandikisha hafiki bila kusindikizwa na askari. Wapo watu wazima hawana kitambulisho kabisa, na bila kitambulisho hakuna Inua Jamii, hakuna SHA, hakuna laini ya simu. Ninyi mnabishana kati ya benki na simu. Wao hawajafika hata kwenye swali hilo.

Kitu changu kimoja: afisa wa vitambulisho, wa watoto, wa wazee na wa afya waende pamoja, gari moja, siku moja, wamalize kila kitu palepale. Wasipishane kila mmoja na mwezi wake.

#32 Mwana wa Langoni
Msafiri, nashukuru umeingia. Nilipoanzisha uzi sikuwa na watu hawa akilini, na hilo la kwenda pamoja nadhani linagusa hata hoja ya Mwanafunzi #17. Karani, unasemaje? Bado ni kiwango?

#33 Karani Mstaafu
Bado ni kiwango. Ila gari la Msafiri nalikubali.

#34 Mama Kiwayu
Assalaam. Nasoma kimya tangu jana. Nina swali, msinicheke. Mwanangu ana miaka tisa, hakai wala hasemi, namlisha kwa mkono. Sijawahi kuandikwa popote. Nianzie wapi?

#35 Karani Mstaafu
Hakuna wa kukucheka, mama. Huo ni mfuko wa ulemavu mkubwa, wa mtu anayehitaji kuangaliwa saa zote. Fanya hivi: kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, anza na hicho. Kisha afanyiwe tathmini ya ulemavu hospitalini, ujaziwe fomu, usajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Hapo ndipo jina lake linaweza kupelekwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na wewe uandikwe kuwa mlezi anayepokea kwa niaba yake. Ukikwamishwa au ukiombwa pesa, namba ya malalamiko ni 1533, haikatwi salio. Fomu zote ni bure.

#36 Muuguzi Kisiwani
Mama Kiwayu, msajili SHA wewe na yeye leo. Na uje na kadi ya kliniki yake ya utotoni, madaktari huitaka.

#37 Nahodha Faza
Ukifika Faza niulizie gatini. Wewe na mtoto hamlipi kwenda wala kurudi. Nitawatandikia nyuma, karibu na usukani, hapo hapapigi maji.

#38 Mama Kiwayu
Mungu awalipe. Nije Jumatatu?

#39 Muuguzi Kisiwani
Usije bado. Tathmini haifanywi kila siku, wanaoifanya lazima wawepo. Niandikie inboksi jina la mtoto na umri, nitapiga simu kesho asubuhi nikujulishe siku, ndipo Nahodha apange safari.